Vidole Saba Kando ya Lami

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mji wa Arua si mbali na kwetu huku upande wa Dranya, kaskazini mwa Uganda, lakini naenda mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili narudi nikilalamika kwamba watu ni wengi. Koboko kwenyewe naenda nikikosa sabuni. Mke wangu huwaambia wageni kwamba aliolewa na mti: ukiutafuta, uko palepale ulipouacha.

Palepale ni kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, chini ya ukingo wa paa, hatua ishirini kutoka barabarani. Lami ilipofika kwetu, wengine walipata soko la muhogo, wengine wakanunua bodaboda. Mimi nilipata kitu cha kutazama.

Baadaye nikapata na hesabu. Nilisoma hadi Senior Four, yaani kidato cha nne, na katika yote niliyofundishwa kilibaki kimoja tu: mwendo ni umbali ukigawanywa kwa muda. Nilipima kwa hatua kutoka kibao cha shule, kule juu ya mteremko, hadi kalvati la kupitishia maji lililo mbele ya nyumba yangu, nikapata mita mia tatu. Simu yangu ya tochi ina saa ya kupimia mbio. Gari likipita kibao nabonyeza, likifika kwenye kalvati nabonyeza tena. Lori la kwenda Sudan Kusini, sekunde ishirini na mbili. Gari la mapadri, kumi na tano. Nilianza kama mtu anayepitisha alasiri, nikaendelea kama mtu aliyeajiriwa.

Mke wa jirani yangu alipita hapo karibu kila siku akitoka kusaga muhogo, beseni la unga kichwani, na hakuacha kunicheka. "Shemeji, leo magari iko yote? Hakuna imepotea?" Alisema wanaume wengine wanachunga ng'ombe, mimi nachunga magari, na hata maziwa sipati. Nikamjibu kwamba magari yangu hayaingii shamba la mtu wala hayamkanyagi mtu muhogo wake. Nalikumbuka jibu hilo kwa sababu siku ile nililiona la akili sana.

Kulikuwa na dereva mmoja wa gari dogo la abiria, mtu wa miaka thelathini hivi, aliyekwenda Arua na kurudi mara mbili kwa siku. Wenzake walikuwa watu wa sekunde kumi na mbili; yeye alikuwa wa tisa. Siku moja alisimama kushusha abiria mbele ya nyumba yangu, akaniuliza kwa nini kila akipita nimeinamia simu. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri mno, na kibao, na kalvati, na namna ya kugawanya. Akacheka, akaniita afande, kama askari wa trafiki. Tangu hapo tukawa na mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka: akishavuka kalvati nainua mikono nimwonyeshe sekunde zake kwa vidole, naye ananitazama kwenye kioo, anapiga honi moja kuonyesha ameona.

Tisa. Tisa. Siku moja nane, nikasimama kabisa. Kisha tisa tena, na tisa nyingine, na aliporudi jioni akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Afande, leo ilikuwa ngapi?"

"Si uliona? Tisa. Umeanza kuzeeka."

Abiria wake walicheka, nami nikacheka kuwapita wote. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mapajani, hakucheka. Alinitazama tu mpaka gari likaondoka.

Siku ya tatu baada ya hapo dereva alipata saba. Saba haikuwa imewahi kutokea. Niliruka kutoka kitini, mkono mmoja wazi, mwingine vidole viwili, nimeviinua juu ya kichwa kama mtu aliyefunga goli. Alinitazama kwenye kioo. Najua alinitazama kwa sababu alipiga honi. Ng'ambo ya kalvati, pale njia ya kwa jirani inapokutana na lami, mke wa jirani alikuwa ameanza kuvuka na beseni lake.

Gari liliishia mtaroni na abiria wakatoka na michubuko. Mke wa jirani hakuinuka. Unga ulibaki kwenye lami mpaka mvua ya Jumapili.

Polisi walikuja, wakapima, wakaniuliza gari lilikuwa na mwendo gani. Nikasema lilikuwa na mbio. Mbio kiasi gani? Nikasema mimi sikuangalia saa. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, na ile saba ilikuwa bado imo ndani. Walipoondoka nikaifuta. Dereva naye, tulisikia, aliandikisha kwamba breki zilikataa. Nilijua hakuzigusa. Nilijua pia kwamba uongo wake na wangu vilikuwa vinasaidiana vizuri, bila sisi kukutana.

Mke wangu alikiingiza kiti ndani. 

Miezi ikapita. Redio ikaanza kuzungumzia sheria: kwamba dereva anayeua kwa mwendo wa kupindukia huhesabiwa mzembe tu, analipa faini au anakaa ndani kidogo, kisha anarudi kushika usukani, kwamba wako wanaotaka adhabu iwe kali zaidi. Nasi tukaambiwa kutakuwa na mkutano hapa kwetu, mwenye maoni aje nayo kwa maandishi. Jirani alikuja kwangu asubuhi na karatasi nne mpya za mistari. Yeye shule aliiacha mapema. Akakaa kwenye kiti kilekile chenye waya, mimi kwenye kigoda.

"Wewe iko na mwandiko muzuri," alisema. "Andika hivi: mutu akiua kwa mbio kama ile, asiitwe muzembe. Aitwe muuaji."

Nikaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ofisi hupenda Kiingereza. Niliandika vizuri. Aibu yangu ni kwamba kwa aya tatu nzima nilifurahia, nilitafuta maneno mazito, nikamsomea na kumtafsiria, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema ofisini wataweza kuuliza mbio yenyewe ilikuwa ngapi, kwa sababu yule anasema ni breki.

"Wewe ulikuwa pale umekaa. Uliona nini?"

Ningeweza kusema tena kwamba sikuangalia saa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yalishatumika mara moja na hayakuleta taabu. Nikamwambia. Nilianza na ile saba, nikarudi kwenye tisa na yale maneno ya kuzeeka, nikamalizia na vidole, na kioo, na honi. Muda wote nilitazama karatasi. Nilipoinua macho, alikuwa akitazama mikono yangu.

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, akaacha kupepeta.

"Andika na hiyo," jirani alisema. Akaondoka bila kunywa chai.

Niliiandika. Ikawa aya ya nne, fupi, na mwandiko wake ni mbaya.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa: Wakakwa, Walugbara, wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini, watu wa Ludara waliokuja kwa baiskeli. Tuliambiwa kila mwandishi asome barua yake kwa Kiingereza, kisha aieleze kwa Kiswahili ili wote waelewe. Nikasoma. Nikaeleza aya ya kwanza, watu wakaguna kwa kukubali. Ya pili, ya tatu. Nilipofika kwenye neno muuaji walipiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona hapo ni mahali pazuri pa kumalizia. Nikakunja karatasi. Aya ya nne walikuwa wameshaisikia kwa Kiingereza, nikajiambia, sijaficha kitu.

Jirani alikuwa kwenye benchi la karibu na mlango. Kiingereza chake ni cha salamu tu.

"Iko kipande imebaki," alisema. Hakusema kwa ukali. "Ile ya vidole."

Nikaikunjua karatasi, nikaieleza kwa Kiswahili, taratibu, kila kitu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama mmoja wa nyuma akauliza kama ni vidole vingapi, hakusikia. Nikaiweka karatasi mezani, kwa sababu saba haionyeshwi kwa mkono mmoja.