Pindo la Pazia la Sultani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka daraja la Ruvu nahesabu nimesafiri, na nikirudi nasimulia wiki nzima. Kwa hiyo kikundi chetu cha washona mapazia wa Kibaha kilipopata safari ya Uturuki kwenda kuangalia vitambaa, nilitafuta sababu ya kubaki, nikaikosa. Nikaenda Mzenga kumuaga bibi aliyenifundisha cherehani nilipomaliza kidato cha nne.

Siku hizi macho yake yanaona mwanga na vivuli tu. Kwenye kiti alikuwa amekunja kitambaa cha kijani, cha mapazia ya nyumba mpya aliyojengewa na wanawe. Miaka yote tumebishana: yeye anataka pazia liishie vidole viwili juu ya sakafu, mimi, kwa kuwafurahisha wateja wa mjini, naliacha lilale chini.

"Linalogusa sakafu si pazia, ni fagio," alisema. "Lakini huko mtapelekwa majumba ya masultani. Kaniangalizie. Hiki hakikatwi mpaka urudi."

"Na likiwa linalala, bibi?"

"Usinidanganye tu. Sioni, lakini nakujua."

Ya vitambaa nimeshayasahau. Nakumbuka bustani ya kasri: nyasi laini, watu wazima wamelala chali mchana kweupe bila mtu kuwauliza wanaumwa nini. Nami nikajilaza. Mawingu yakapita taratibu, nikawa kama niko kwetu kwenye mkeka, ila mkeka hauna mwisho. Nusura kasri lenyewe nilikose.

Ndani, ukumbi baada ya ukumbi, mwanga ulipita kwenye mapazia kama chai kwenye kichujio. Watu walitazama juu, kwenye taa na dhahabu. Sisi tulitazama marinda. Lakini kamba ilituzuia kusogea, na viti vikubwa vilificha chini. Nikapiga magoti, kisha nikalaza shavu kwenye sakafu ya sultani.

"Jamani, mwenzetu kaanguka!"

"Hajaanguka, huyo anapima."

"Dada, inuka, utatufukuzisha!"

Mlinzi akaja mbio na kiti na chupa ya maji, uso umejaa huruma. Nikakaa, nikanywa, ningefanyaje? Nilikuwa nimeshaona. Pazia lilifika chini, likalala kama paka aliyeshiba. Na pale lilipogusa sakafu lilikuwa limechakaa, limetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine.

Mzenga niliingia na wasiwasi. Kitambaa kilikuwa kwenye kiti kile kile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Linafika?"

"Linafika. Tena linalala."

Mikono yake ikakitafuta kitambaa, ikakipapasa polepole. Nikatamani ningedanganya.

"Lina kiraka lakini," nikaongeza haraka. "Pale pale chini."

"Ahaa!" Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na sultani alikuwa anafagia! La chumbani kata kwa kipimo changu." Akawaza kidogo. "La sebuleni liache lilale. Nami niijue hiyo raha."

Nikakata, nikashona kwenye cherehani yake. Jioni tukalitundika la sebuleni. Alisimama mbele yake, mwanga wa kijani umemjaa usoni, akausogeza mguu taratibu mpaka vidole vikaligusa pindo, akatabasamu.

Sikumwambia kwamba upande wa pili kuku alikuwa ameshalilalia.