Bibi wa Kuazima

Jirani yetu hapa Oakdale, Marekani, ni bibi wa Kizungu anayeishi peke yake, na mwaka jana nilimwonea wivu hadi nikawa naona taabu kumpungia mkono. Kosa lake lilikuwa moja tu: binti yangu wa miaka kumi na minne alimpenda.

Shuleni walikuwa wameambiwa kila mmoja asimulie, mbele ya wazazi, habari za mababu zake waliofungua nchi mpya. Binti yangu akavuka nyasi, akaenda kwa jirani. Kila nikirudi kutoka kazini hospitalini, Maplewood, namkuta huko. Wamefungua sanduku la mbao lililotoka Norwe, wanatazama picha ya bibi yake jirani, amenuna kando ya mkokoteni wa ng'ombe.

“She buried her first baby that winter, Mama,” aliniambia mezani, machozi yanamlengalenga kwa ajili ya mtoto wa kwanza ambaye mama wa pichani alimzika wakati wa baridi.

Nilimpakulia ugali. Machozi kwa bibi wa watu! Bibi yake mwenyewe, mama yangu mzazi, alifuata mkokoteni wa ng'ombe kwa miguu kutoka Shinyanga hadi Mpanda, wakafyeka pori lililojaa mbung'o, na sikumbuki mtu aliyewahi kumlilia.

“Una bibi yako,” nikamwambia. “Naye alifungua nchi. Kwa nini unaazima wa watu?”

“You never told me.”

Kweli, sikuwahi kumsimulia. Nyani haoni kundule. Kila Jumamosi nikimpigia mama yangu, nilimpa binti simu aseme shikamoo, apokee marahaba, kisha nampokonya. Kiswahili chake kilinitia haya mbele ya mama.

Jumamosi iliyofuata nilimwachia simu, tena kwa ubishi, si kwa wema. Nilitaka mama yangu amshinde yule wa Norwe. Nikaweka sauti kubwa, nikasimama kwenye sinki nikiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu! Babu yako bado ni wangu, usidhani nimekuachia.”

Binti akacheka sana. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, akauliza, “Bibi, wakati mlienda pori... wewe ulizika mtoto?”

Niligeuka na mikono yenye povu nimpokonye simu. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi wake jambo kama hilo. Lakini mjukuu ni mtani wa bibi yake, ana ruhusa ambayo mimi sijawahi kuwa nayo, na mama alikwisha kuvuta pumzi.

“Ndiyo, mjukuu wangu. Wa kwanza. Wa kiume. Pale kijijini hapakuwa na kaburi kabla ya lake.”

“Alikuwa na jina?”

Mama akalitaja taratibu, na binti yangu akaliandika kwenye daftari la shule.

Miaka arobaini na minane naitwa kifungua mimba. Wivu ulinikaba upya, na safari hii jirani hakuhusika. Mama alikuwa na maneno hayo siku zote, na aliyeyapata ni huyu aliyejua kuuliza.

Binti akaziba simu kwa kiganja. “Mama, did you know?”

Nikatikisa kichwa; sikujua. Akanivutia kiti, nikakaa, nikamsikiliza mama yangu akimsimulia mwanangu habari za kaka yangu.