Mafuta Yaliyogeuka Rangi

Nikifua ovaroli ya mume wangu nilikuta sigara ya umeme. Mafuta ya kichupa chake, niliyodhani ni ya ladha tu, yalikuwa rangi ya asali siku hiyo. Siku chache baadaye yakawa kahawia. Mimi mwalimu wa kemia, na kiherehere changu, nikaipeleka darasani siku tuliyotembelewa na afisa wa usalama kazini kutoka mgodini.

"Oksijeni imeyageuza, kama ndizi iliyomenywa," nikafundisha kwa madaha.

"Ni ya nani?" mgeni akauliza.

"Ya mume wangu, dereva wa lori hapo kwenu."

Akainusa. "Mwalimu, haya ni mafuta ya bangi. Jina lake kamili?"

Niliwawaza pacha wetu, Kulwa na Doto, na mshahara wa baba yao, nikaanza kufuta ubao. Darasa zima, linalomjua vizuri mume wangu, likamtajia jina lake kwa pamoja, kama nilivyolizoesha kujibu.