Majibu ya Shangazi Azucena

Shangazi yangu Azucena Jumamosi anauza nacatamal, siku zingine anaandika hadithi za watoto. Yaani mikono inafunga unga wa mahindi na nyama kwenye majani ya mgomba, kichwa kiko kwa mjusi anayeogopa jua. Hadithi ya huyo mjusi ndiyo aliyoituma kwenye gazeti la watoto, Chocoyito, mwezi wa tatu. Kwa bahasha, kwa sababu mhariri wao ni bibi mmoja hataki mambo ya simu, yeye humjibu kila mtu kwa barua.

Mwezi wa kumi na moja ukafika, kimya.

"Huyu mjusi asipojibiwa naacha kuandika," akaniambia. "Nibaki na nacatamal. Hizo hakuna aliyewahi kuzikataa."

"Shangazi nawe unadeka."

"Yorlenis, funga kamba."

Lakini pikipiki ikipita tu, anafuta mikono akidhani ni posta.

Anwani yetu ni hii: pale ilipokuwa sinema, mitaa miwili kuelekea ziwani, geti la kijani. Sinema ilianguka kwa tetemeko hata mama yangu hajazaliwa, ila Managua nzima inajua ilipokuwa. Mzee wetu wa posta alijua. Akastaafu, wakaleta kijana kutoka mji wa Matagalpa.

Basi Alhamisi nikaenda saluni kwa Bi Melania, mtaa mwingine kabisa, kupunguza nywele za mbele. Nikachukua gazeti mezani. Chocoyito! Nikafungua, mjusi huyo hapo, kachorwa amevaa kofia, na chini yake: Azucena Tijerino.

"Bi Melania, hili umelitoa wapi?"

"Liliingia lenyewe. Kijana wa posta kaleta na bahasha mbili. Namwambia hapa hakuna Azucena, ananiambia mama, si pale ilipokuwa sinema?"

"Sinema ipi?"

"Ile ndogo ya mtaa huu, nayo haipo tena. Na mimi nina geti la kijani, ningebishana naye nini? Bahasha sijafungua, mimi si mmbea. Gazeti nimelisoma. Watoto wakilia kwenye kiti nawasomea huyo mjusi, wanatulia kabisa. Mwambie mwenyewe aandike mwingine, huyu wameshamkariri."

Nilirudi mbio, nywele zimekatwa upande mmoja.

Shangazi akafungua bahasha ya kwanza. Wamekataa hadithi yake ya kaa, ya mwaka juzi. Akacheka, akasema kweli yule kaa alikuwa mzito. Ya pili akaisoma polepole, midomo inacheza. Wamemchukua mjusi, na wanaomba hadithi nyingine.

Alinawa mikono, akaniachia mimi unga wote, akaenda kukaa na daftari.

Jumatatu nilimkuta anaandika anwani yetu nyuma ya bahasha mpya: pale ilipokuwa sinema.

"Shangazi, weka alama nyingine basi. Duka la dawa lipo hapo kona."

"Duka la dawa linaweza kuhama," akasema. "Sinema itahamia wapi?"

Mwisho tukaelewana. Akaongeza neno moja: kubwa.