Mstari wa Saba

Mnara uko mbele ya jengo la serikali, kati ya bendera na maegesho ya magari. Ulijengwa mwaka mmoja baada ya vita, na tangu hapo kila mkubwa anayeingia ofisini huupaka rangi aitakayo yeye: nyeupe, kijivu, na sasa hii ya chai iliyopoa. Kitu pekee walichokiacha kilikuwa kibao cha shaba chenye majina ishirini na sita ya waliokufa vitani. Mstari wa saba alikuwa baba yangu.

Shangazi, dada yake, aliomba kazi ya usafi pale kwa sababu hiyo tu. Miaka thelathini na mmoja alifika asubuhi na mapema, akapaka dawa ya kung'arishia, akasugua. Majina mengine aliyasugua mara moja tu. La kaka yake, mara tatu. Nilimtania kwamba baba hakuwahi kuoga hivyo akiwa hai. Alicheka, akaendelea. Mgongo ukamwisha, magoti yakamwisha, na habari za kustaafu hataki kuzisikia.

Mwaka jana wakaamua kutengeneza kibao kipya. Karani akaja na daftari kunakili majina. Jalada la zamani lenye orodha ya majina lilihamishwa ofisi nne na hakuna anayejua lilikoishia, kwa hiyo kitakachosomeka ndicho kitakachoandikwa. Mengine yalisomeka, kwa shida. Mstari wa saba ulikuwa laini kama kijiko.

Shangazi akamtajia jina, la baba yao, la babu yao. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba amechoka kuletewa marehemu na kila familia.

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

"Nimelifuta mwenyewe, mwanangu. Kwa mkono huu."

Akaandika: na mwingine mmoja.

Nilizunguka maofisini miezi mitano, kila mlango ukanielekeza mlango mwingine. Nikachoka, sioni aibu kusema. Na nilimkasirikia shangazi, jambo linaloniuma mpaka leo.

Kibao kipya kiko pale. Dawa anapewa, lakini haifungui. Anapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, polepole. Juzi nikamwambia shaba imeanza kufifia, wakubwa watamsema.

"Waache waseme," akanijibu, kitambaa kikipita juu ya majina. "Hawa nao wana dada zao."