Mlisho Usiolisha

Saa moja asubuhi, Ubao ameinama mbele ya kompyuta ambayo herufi za kibodi yake zimefutika. Hajafagia duka, hajawasha mashine ya kutoa kopi. Anapitisha macho kwenye skrini, anapiga miayo, anasema, "Na leo wenye tovuti wamelala."

Jina la Ubao wateja wamempa kwa sababu ya ubao ulio nje ya mlango, anakobandika matangazo ya kazi. Kusoma ni bure. Anayetaka nakala analipia, na siku akiuza nakala ishirini humshukuru Mungu.

Matangazo huyapata kwa mlisho, orodha ya habari inayojikusanya kwenye kompyuta. Alijiandikisha kwenye tovuti za ofisi, vyuo na hospitali. Ikitoka habari mpya, inamfikia yenyewe, kwa zamu yake, bila kuchanganywa na vichekesho wala picha za harusi za watu.

"Mitandao ya kijamii inanichagulia," ananiambia. "Nani kaiomba? Nipe vyote, nitatema mwenyewe."

Siku hizi cha kutema hakipo. Kati ya tovuti arobaini alizokuwa akifuata, zinazomletea kitu hazifiki kumi na tano. Nyingine zimefuta mlisho, nyingine zimehamia huko huko kwenye vichekesho. Hakuna iliyoaga.

"Mlisho gani huo usiolisha?" mkewe humtania akileta chai. "Umefuga ng'ombe wa kuchorwa, baba watoto, unangoja maziwa."

Ubao huguna tu. Utani huo unamchoma tangu mwezi uliopita, yalipotokea ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, ana cheti cha uuguzi, lakini mwaka wa sita huu anapiga deki wodini. Alikuwa akisubiri hospitali moja itangaze nafasi. Kila jioni alipita dukani kuuliza, na Ubao akamjibu, "Bado, shem. Wakitoa tu, mimi ndiye wa kwanza kujua."

Kumbe walishatoa, wakapokea maombi, wakafunga. Mlisho wao ulikufa kimya kimya, naye Ubao akadhani kimya maana yake hakuna jipya.

"Hakunigombeza," anasema, akivua miwani. "Alisema tu, 'Basi, shem, nina nguo za kufua.' Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo hajakanyaga dukani.

Ubao hajaiacha milisho iliyobaki. Anasema bila hiyo angezama. Ila sasa akimaliza kuisoma, anazifungua zile tovuti zilizonyamaza, moja moja, macho yakimuwasha, wateja wakisonya mlangoni. Anatafuta mtu wa kushika mashine ya kopi, yeye aendelee kuzikagua.

Tukiwa tunaongea, mstari mpya unaingia kwenye mlisho: zahanati inataka wauguzi, mwisho Ijumaa. Habandiki. Anafungua tovuti ya zahanati, anasoma hadi chini, ndipo anapiga simu.

"Shem, kuna nafasi za wauguzi."

Upande wa pili inasikika ndoo ikiburutwa. "Umeona mwenyewe, au umeletewa?"

"Nimeletewa. Halafu nikaenda kuona."

Ndoo inatuliwa sakafuni.

"Haya, nitolee kopi mbili," anasema shemeji. "Huku wodini wenye vyeti vya uuguzi na matambara ya deki tuko wawili."