Mbao za Mvule kwa Pikapu ya Mume Wangu

Mume wangu alipofariki aliacha pikapu ya zamani aliyokuwa akiifufua polepole nyumbani kwetu Ruiru. Injini ilishaanza kunguruma. Iliyobaki ilikuwa sakafu ya nyuma, ambayo mbao zake zilioza mpaka ukichungulia unaona ardhi. Matanga yalipoisha, kakake anayeishi Thika alinipigia simu.

"Shemeji, hiyo gari ni ya familia yetu. Nitakuja kuichukua."

Nikamwambia naimaliza kwanza.

Nilienda mwenyewe kwa wauza mbao Thika. Muuzaji alinisukumia saiprasi, laini na yenye harufu tamu. Nikakataa. Kitu cha kunyeshewa na kupigwa na jua kinataka mvule. Nilitazama kila ubao kwa jicho moja, ncha hadi ncha, nikaacha uliopinda. Nyumbani, kwenye kibanda cha uani, nikapiga randa, nikapiga msasa mpaka viganja vikawaka moto, kisha nikapaka mafuta ya kitani pande zote. Kwenye ncha nilirudia, maana maji huingilia hapo. Vitambaa vya kupakia nilivianika kwenye ua kimoja kimoja, kama maandishi ya mkebe yalivyoonya.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, shemeji akafika.

"Lori la kuvuta liko njiani," akasema, akakataa kiti.

"Mbao hazijakauka."

"Zitakaukia kwangu Kamenu, huko Thika."

Lori likachelewa. Sikutaka tugombane majirani wakisikia, nikaingia jikoni. Yeye akaanza kufagia uwanja kana kwamba ni wake. Chakula nilichompelekea mchana hakukigusa.

Nilikuwa naosha vyombo nikasikia harufu ya kuungua, na jiko nilishalizima. Nikatoka mbio. Kibandani, kando ya mbao, debe lilikuwa likifuka moshi mzito.

"Umeweka nini humo?"

"Vile vitambaa vyako vichafu."

Moto ukachomoza akisema hivyo. Nikashika jembe, nikalivuta debe hadi kwenye mchanga, likapinduka, vitambaa vikatawanyika vikiwaka. Nilidhani atakimbia. Badala yake alizikumbatia mbao, akazitoa ubao baada ya ubao, shati likalowa mafuta. Nilimwaga maji yote ya pipa mpaka moto ukazimika.

"Nani alivichoma?" akauliza.

"Hakuna. Vikishindiliwa pamoja na hayo mafuta, hupata moto vyenyewe."

Akalitazama shati lake. Akalivua upesi, akalitandaza kwenye ua.

Honi ikalia getini. Alitoka na fulana, akazungumza na dereva, lori likageuka. Hakuomba msamaha, wala mimi sikuutafuta.

"Zinakauka lini?"

"Wiki ijayo."

"Nitaleta bolti."

Alizileta kweli. Tulifunga mbao kutwa nzima tukizungumza machache. Tulipomaliza alipanda nyuma, akarukaruka kupima, akashuka na kunipa spana. Gari ni ya nani hasa, hilo hatujalimaliza. Lakini hajaleta lori tena.